Barua pepe zinazotumwa na jedwali: kwa nini hukosa saini, na namna ya kuiweka

Katika ofisi nyingi ndogo za wilaya ya Kasese, kuanzia Kitswamba hadi Bwera iliyo mpakani na Kongo, barua haihesabiwi kuwa barua mpaka iwe na jina lililotiwa kwa kalamu na muhuri wa wino. Barua ya mwenyekiti wa LC1 isiyo na muhuri hurudishwa mlangoni, hata kama kila neno lake ni la kweli. Desturi hiyo imewafuata watu hadi kwenye barua pepe. Anayepokea ujumbe unaohusu fedha hutazama kwanza chini: ni nani aliyeandika, ana cheo gani, anapatikana kwa simu ipi. Asipoona kitu, hushuku, na kwa jinsi utapeli ulivyoenea siku hizi, ana haki ya kushuku.

Hapo ndipo wanapokwama makarani wa vyama vya wakulima, wahasibu wa shule na wafanyabiashara wa mpakani wanaoanza kutumia jedwali la kompyuta kutuma barua nyingi kwa mkupuo mmoja. Barua zinafika na hesabu haina kasoro, lakini chini hakuna jina la mtu. Saini ambayo karani aliipanga vizuri katika Gmail, na ambayo hujitokeza kila anapoandika barua kwa mkono wake, safari hii haikutokea.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa mazingira yake si ya kubuni. Kasese ni wilaya ya ushirika: kuna Nyakatonzi, muungano uliokua kwa zao la pamba, na kuna Bukonzo Joint wenye makao yake Kyarumba, unaouza kahawa ya arabika ya miteremko ya Rwenzori. Tuseme basi kipo chama kidogo cha msingi karibu na Kitswamba, chenye wanachama 140 walioorodheshwa katika Google Sheets. Kila mstari una jina, anwani ya barua pepe, kilo zilizopokelewa, bei na kiasi kitakacholipwa. Wakulima wasio na barua pepe wameandikisha anwani ya mtoto anayesoma Kampala au Fort Portal. Karani amebandika nyuma ya jedwali hilo skripti fupi ya Apps Script, ambayo Google huitoa bila malipo. Skripti hiyo husoma mstari baada ya mstari na kumtumia kila mmoja hesabu yake.

Kwa nini saini haiji? Jibu liko mahali saini inapokaa. Wengi hudhani kwamba Gmail huigonga kila barua inapotoka, kama karani wa posta anavyogonga stempu. Sivyo. Saini huwekwa na dirisha la kuandikia. Unapobonyeza kitufe cha kuanza barua mpya, dirisha hilo huchukua saini kutoka kwenye mipangilio ya akaunti yako na kuiandika chini ya ukurasa kabla hujaanza hata neno la kwanza. Skripti haifungui dirisha lolote. Huipelekea seva ya Google anwani, kichwa na maneno moja kwa moja, na seva hutuma kile ilichopewa, bila kuongeza wala kupunguza. Kwa hiyo usipoteze jioni yako ukibadilisha mipangilio ya Gmail; huko hakuna kilichoharibika. Saini lazima iwe sehemu ya maneno yenyewe ambayo skripti inayatuma.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuiagiza skripti iende kuichukua saini iliyohifadhiwa katika akaunti. Hili hufanyika kwa kuwasha, ndani ya kihariri cha Apps Script, huduma ya ziada inayoitwa Gmail API, kisha kuuliza orodha ya anwani ambazo akaunti inaruhusiwa kutumia, iitwayo "sendAs"; kila anwani katika orodha hiyo hubeba saini yake. Faida yake ni kwamba unapata saini ileile, yenye rangi na maandishi mazito kama ulivyoipanga. Hasara yake ni kwamba skripti itaomba ruhusa pana zaidi juu ya akaunti yako. Pia huchukua saini ya yule anayeiendesha, si ya chama. Leo akiiendesha mweka hazina, wakulima wataona jina la mweka hazina. Kesho akiiendesha karani, wataona la karani.

Njia ya pili ni nyepesi, na kwa ofisi ndogo ndiyo ninayoipendelea. Fungua ukurasa wa pili katika jedwali lilelile, uuite "Saini", na katika kisanduku cha A1 andika saini ya chama. Skripti itaisoma kwa mstari mmoja:

SpreadsheetApp.getActive().getSheetByName("Saini").getRange("A1").getValue()

Kisha unaiunganisha mwishoni mwa ujumbe. Uchaguzi wa viongozi ukifanyika, au namba ya simu ya ofisi ikibadilika, mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri jedwali huirekebisha saini bila kugusa skripti wala kumsubiri kijana aliyeitengeneza arudi kutoka chuoni.

Kuna kigingi kimoja ambacho huwakwaza wengi hapa. Barua pepe inaweza kubeba maumbo mawili ya ujumbe mmoja: maandishi matupu na maandishi yaliyopambwa. Ukitumia lile lililopambwa, ambalo katika skripti huwekwa chini ya jina "htmlBody", mistari uliyoitenganisha kwa kubonyeza kitufe cha kushuka huungana yote kuwa mstari mmoja mrefu. Jina, cheo na simu vinafuatana kama treni. Kila mwisho wa mstari lazima ubadilishwe kuwa alama ya 
. Tena saini iongezwe katika maumbo yote mawili, kwa sababu programu ya msomaji isiyoonyesha mapambo itasoma yale matupu, na saini ikiwa upande mmoja tu, msomaji huyo ataiona barua isiyo na mwenyewe.

Saini iwe na urefu gani? Watumiaji wa zamani wa intaneti walikuwa na kanuni ya mistari minne, ikitanguliwa na vistari viwili na nafasi moja ili kompyuta itambue ujumbe unaishia wapi. Kanuni hiyo imesahaulika, lakini inafaa kabisa kwa mtu anayenunua bando kwa siku na kusoma barua kwenye simu ndogo. Jina, cheo, chama na mahali kilipo, namba ya simu ya ofisi: vinatosha. Nembo kubwa ya picha hula data ya msomaji, na programu nyingine huificha mpaka aibonyeze.

Picha ya saini ya mkono na ya muhuri ni hatari zaidi. Najua inavyovutia, hasa mahali ambapo muhuri ndio roho ya barua. Lakini picha hiyo ikishafika katika simu 140, yeyote anaweza kuikata na kuibandika kwenye barua nyingine inayowaagiza wakulima watume fedha kwa namba asiyoijua mwenyekiti. Saini ya maandishi chini ya barua haithibitishi kitu kwa nguvu zake. Inamwelekeza msomaji mahali pa kuuliza. Uthibitisho wa kweli umefichwa asionapo msomaji. Seva ya Gmail hutia kwenye kila barua inayotoka alama ya hesabu iitwayo DKIM, na seva inayopokea huikagua ili kujua kama barua imetoka kweli kwenye kikoa kinachotajwa. Tangu Februari 2024 Google inawadai wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye akaunti za Gmail wawe na ukaguzi wa aina hiyo kwenye vikoa vyao. Chama cha watu 140 hakifiki huko, lakini ni vizuri karani ajue ipi ni saini ya kusomwa na ipi ni ya kukaguliwa.

Halafu kuna swali la jina. Uganda ina Sheria ya Saini za Kielektroniki na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, zote za mwaka 2011. Hii ya pili inasema kwamba taarifa haiwezi kunyimwa nguvu ya kisheria kwa sababu tu ipo katika umbo la kielektroniki. Nayo ile ya kwanza inaieleza saini ya kielektroniki kwa upana, kuwa ni data iliyoambatanishwa na ujumbe na inayoweza kumtambulisha mtu na kuonyesha kwamba ameukubali. Kwa hiyo jina lililopigwa chapa chini ya barua ya malipo si pambo. Skripti ikiandika jina la mwenyekiti chini ya hesabu 140 ambazo hajaziona, na kilo za mkulima mmoja zikawa zimekosewa, mkulima anayo barua yenye jina la mwenyekiti, na mwenyekiti hana la kusema ila kwamba ni kompyuta. Afadhali saini itaje ofisi na karani aliyeandaa hesabu, au mwenyekiti azipitie kwanza na kuweka alama yake katika safu ya jedwali, na skripti iagizwe isitume mstari usio na alama hiyo.

Jambo hili huwa zito zaidi skripti inapopangiwa saa ya kujiendesha yenyewe. Hapo barua hutoka kila mara kwa akaunti ya mtu aliyeipanga saa hiyo, hata akiwa likizo, hata akiwa ameacha kazi. Msomaji ataona juu anwani ya mtu mmoja na chini jina la mwingine, na hicho ndicho anachofundishwa kukikimbia. Skripti inaruhusu kuweka jina la chama kama mtumaji, na anwani ya ofisi kama mahali pa kujibu. Vyote viwili vilingane na saini.

Kabla ya kutuma, ongeza safu moja ya "Imetumwa" ambayo skripti itaijaza kila inapomaliza mstari. Akaunti ya kawaida ya Gmail hairuhusu skripti kuwafikia zaidi ya wapokeaji 100 kwa siku, kwa hiyo wanachama 40 wa chama chetu watabaki, na bila safu hiyo wale 100 wa kwanza watapata barua ileile mara mbili kesho yake. Anza na mistari miwili yenye anwani zako mwenyewe, uzisome barua hizo kwenye kompyuta na kwenye simu, kisha uipigie namba iliyo katika saini uone kama inapokelewa.