Kila Ndege Huruka kwa Ubawa Wake: Kuchagua Mpira wa Gofu Unaoufaa Mwili Wako

Huenda mtashangaa kuona ukurasa wa afya mwezi huu ukizungumzia gofu. Wengine watasema huo ni mchezo wa matajiri, unatuhusu nini? Lakini mchezo huu umekuwapo Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka mia moja. Klabu ya Entebbe ilianza mwaka 1901, na ile ya Royal Nairobi mwaka 1906. Katika familia zetu wamo walimu wastaafu, makarani na akina mama wanaocheza, na wamo vijana wengi wanaojipatia riziki kwa kubeba mifuko ya fimbo, wale tunaowaita makedi.

Sisi wauguzi tunawafahamu wachezaji hao kwa sababu nyingine. Waliovuka miaka hamsini au sitini hufika hospitalini wakiwa wameshika kiwiko, kifundo cha mkono au kiuno. Tukiwauliza wanachezaje, mara nyingi tunasikia habari moja: mpira hauendi mbali kama zamani, kwa hiyo wanaupiga kwa nguvu zaidi. Tukiuliza wanatumia mpira gani, wengi hutaja ule wanaouona kwa mabingwa kwenye televisheni. Hapo ndipo tunapotaka kuzungumza nanyi.

MPIRA UNAPOPIGWA HUTOKEA NINI?

Mpira wa gofu ni mdogo lakini ni mzito kwa umbo lake. Sheria za mchezo zinasema uzito wake usizidi gramu 45.93 na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67. Ndani una kiini cha raba, na nje una ganda. Fimbo inapougonga, mpira hubonyea upande mmoja, kisha hurudia umbo lake na kuruka. Fimbo na mpira hugusana kwa muda wa nusu tu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kufumba na kufumbua jicho ni muda mrefu zaidi.

Mipira haifanani kwa ugumu. Watengenezaji hupima ugumu huo kwa namba: namba ndogo ni mpira unaobonyea kwa urahisi, namba kubwa ni mpira mgumu. Kwa mfano, Callaway Supersoft uko chini ya 40, na Titleist Pro V1, unaotumiwa na mabingwa wengi, uko karibu na 90. Mpira ulio chini ya 70 kwa kawaida huhesabiwa kuwa laini. Namba hizi ni za kuongoza tu, kwa sababu viwanda vyote havitumii kipimo kimoja, na mara nyingi haziandikwi kwenye boksi. Basi muulize muuzaji, au tazama kama jina la mpira lina neno Soft, yaani laini.

WEWE UKO KUNDI GANI?

Mabingwa wanaume hupeleka fimbo kubwa kwa kasi ya kilomita 185 hivi kwa saa. Mwanamume wa kawaida hufikia kama 150. Wazee wengi, akina mama wengi na watoto wako chini ya 135. Hilo si kosa wala aibu. Misuli huanza kupungua polepole tangu tukiwa na miaka ya thelathini, na baada ya miaka sitini hupungua haraka zaidi. Viungo navyo hukakamaa, na kiuno hakizunguki kama zamani.

Huna haja ya chombo cha kupimia. Siku isiyo na upepo, tazama mpira uliopigwa vizuri kwa fimbo kubwa unapogusa ardhi kwa mara ya kwanza. Usipofika mita 180, jihesabu katika kundi la kasi ndogo. Wanaocheza Nairobi, ambako ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, wakumbuke kwamba hewa ya juu ni nyepesi na mpira huruka mbali zaidi kuliko Mombasa. Mtu asijidanganye kwamba amepata nguvu mpya.

JE, MPIRA LAINI HUENDA MBALI ZAIDI?

Hapa inatubidi tuseme ukweli, kwa sababu biashara ina maneno mengi. Utaambiwa kwamba mwenye kasi ndogo hawezi kuubonyeza mpira mgumu, na kwamba akinunua ulio laini ataongeza umbali. Sivyo. Kila mpira hubonyea kwa kila pigo, hata pigo la mtoto. Tofauti ni kiasi tu. Mpira laini sana hutoka kwenye fimbo kwa kasi ndogo kidogo, na mwenye mapigo ya kasi huona amepoteza umbali. Kwa mwenye kasi ndogo upotevu huo ni mdogo mno, pengine hatauona kabisa. Kwa hiyo mzee anayehamia mpira laini asitarajie mita ishirini za ziada, lakini pia hapotezi kitu cha kumsikitisha.

Faida moja ni kwamba mipira mingi laini haizunguki sana hewani ikipigwa kwa fimbo kubwa, hivyo haipindi sana kuelekea vichakani. Lakini hakuna kizuri kisicho na kasoro. Ile ya bei nafuu, yenye ganda la plastiki ngumu iitwayo ayonoma, haisimami upesi ikianguka karibu na shimo, huendelea kuviringika. Yenye ganda la yurethani husimama vizuri zaidi, ila ni ghali.

FAIDA KUBWA IKO MIKONONI

Mwenye yabisi ya vidole anajua jinsi pigo gumu la asubuhi ya baridi linavyopanda hadi kwenye kiwiko. Mpira laini hutoa mlio mzito na wa chini, na mkono huhisi pigo jepesi. Asiyeogopa mshtuko hakazi vidole kama anayeshika jembe kwenye ardhi kavu, na mikono isiyokazwa huumia kidogo zaidi.

Lakini tusikudanganye, mpira laini si dawa. Mshtuko mkubwa hutokana na kupiga ardhi au kuupiga mpira kwa ukingo wa fimbo, na hapo ulaini wa mpira hausaidii sana. Mwenye yabisi atapata nafuu zaidi akiweka mpini mnene kwenye fimbo zake, na akitumia fimbo zenye mti wa grafaiti badala ya chuma.

Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko ni ishara kwamba kano zimechoka kwa kukazwa mara kwa mara. Zinahitaji mapumziko ya wiki kadhaa. Kinachotuhuzunisha ni kuona mtu akimeza vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni kila Jumamosi asubuhi ili akapige mpira mgumu kwa nguvu zote. Vidonge hivyo vikitumiwa ovyo huumiza tumbo na figo na kupandisha presha, hasa kwa wazee. Na mwisho wake ni nini? Maumivu humshinda, anaacha mchezo, na pamoja na mchezo anaacha matembezi ya kilomita nane hivi ya mashimo 18 na kukutana na rafiki zake. Familia inabaki na mzee aliyekaa kitini siku nzima, sukari na presha vikipanda.

USIONE HAYA

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Precept ilikuwa ikiuza mpira laini ulioitwa MC Lady, uliokusudiwa wanawake. Wanaume wengi wa Marekani waliujaribu, wakaupenda, wakaununua pamoja na jina lake la kike. Baadaye kampuni ikatoa mwingine ikauita Laddie, yaani kijana wa kiume. Wanaume hao walichagua kilichowafaa, wakaliachia boksi jina lake. Baba mwenye miaka 65 naye asione aibu kucheza na mpira ule ule anaotumia mkewe.

JINSI YA KUCHAGUA

1. Nunua paketi mbili ndogo za mipira mitatu mitatu, moja ya mpira laini sana na nyingine ya mpira wa kati. Usinunue boksi zima kabla ya kujaribu.

2. Anzia karibu na shimo, kwa mapigo mafupi na yale ya kusukuma mpira shimoni, kwa kuwa huko ndiko mapigo mengi hutumika. Halafu jaribu mapigo marefu.

3. Cheza mashimo tisa kwa mpira wa aina moja, na siku nyingine tisa kwa aina ya pili. Kedi wako huona mpira unapoangukia kuliko wewe, kwa hiyo muulize.

4. Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, kunja na kukunjua vidole na kiwiko. Andika kwenye daftari jinsi unavyojisikia. Kama umbali unalingana, chagua mpira uliokuachia maumivu kidogo.

5. Ukishachagua, baki na aina hiyo moja ili mkono uizoee.

6. Mipira iliyookotwa ni nafuu na inafaa kwa mazoezi. Lakini ule uliokaa muda mrefu ndani ya bwawa waweza kuwa umepoteza nguvu, na uliopakwa rangi upya huficha makovu yake.

7. Baridi hupunguza mruko wa mpira. Wanaocheza asubuhi za Julai huko Limuru au Nyeri wailaze mipira ndani ya nyumba, si kwenye gari. Ila usiupashe moto kwa makusudi ili uruke zaidi, kwani sheria inakataza.

8. Kama macho yamepungua nguvu, mpira wa njano huenda ukakusaidia. Lakini usimalizie hapo, njoo upimwe, huenda ni mtoto wa jicho.

TAHADHARI KWA WOTE

Neno laini lisimdanganye mtu. Hata mpira laini kuliko yote, ukiruka, unaweza kupasua jicho au kuumiza kichwa vibaya. Watoto wasiuchezee kwa kurushiana uani. Makedi wasisimame mbele ya anayepiga, na mpigaji aone njia iko wazi kwanza, kisha apaze sauti kuonya mpira ukienda upande usiotarajiwa.

Kabla ya pigo la kwanza, tembea dakika kumi na uzungushe mabega na kiuno taratibu. Kunywa maji njiani. Ukipata maumivu ya kifua, hasa yakielekea kwenye mkono au taya, au ukikosa pumzi, acha mchezo papo hapo na upelekwe hospitali. Kiwiko kinachouma zaidi ya wiki mbili licha ya kupumzika, au vidole vinavyokufa ganzi, nacho kionwe na mganga.

Kinga ni bora kuliko tiba, na katika mchezo huu kinga huanza siku unaponunua mpira. Bingwa wa televisheni ana mwili wake na mpira wake. Wewe tafuta utakaokuwezesha kutembea mashimo yako leo, na kurudi tena wiki ijayo ukiwa mzima.