Sungura Haulizwi Neno: Lugha katika Upimaji wa Ubongo

Katika ngano zetu sungura ni mjanja. Katika maabara ni mwanafunzi. Husikilizishwa mlio, kisha jicho lake hupulizwa hewa. Baada ya marudio mengi, hufumba jicho asikiapo mlio, kabla hewa haijafika. Kwa jaribio hilo, Richard Thompson na wenzake walidhihirisha katika miaka ya 1980 kwamba kumbukumbu ya aina hiyo hutegemea serebelamu, yaani ubongo mdogo wa kisogoni.

Sungura haulizwi neno. Mtoto je? Kilifi, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kilichoanzishwa mwaka 1989, watafiti wamewapima watoto walionusurika malaria ya ubongo, wakabaini kuwa baadhi yao hubaki na kasoro za lugha na za utambuzi. Lakini mtoto wa Ganze aliyelelewa kwa Kigiriama, akiulizwa kwa Kiswahili sanifu, huenda akaonekana mzito wa akili ilhali uzito umo katika swali.

Vifaa vigeni navyo hupotosha. Ndiyo maana watafiti wa huko waliunda kipimo chao, Kilifi Developmental Inventory, ambacho tathmini yake ilichapishwa mwaka 2008. Hicho hupima mwendo na uratibu wa jicho na mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi 35.

Kwa hiyo, tafsiri ya swali moja si pambo. Huweza kuamua ni mtoto yupi atakayehesabiwa mgonjwa. Wanaisimu wenzangu, uwanja huu ni wetu pia.