Majivu Katika Herufi K

Runyenjes iko kwenye barabara itokayo Embu kwenda Meru, ubavuni mwa Mlima Kenya, nchi ya kahawa, chai na udongo mwekundu. Humo, katika duka la mbolea, nilimkuta mama mmoja mkulima akivutana na mwenye duka. Mama ataka 23-23-0 kwa ajili ya mibuni yake, maana bei yamfaa. Mwenye duka amwambia achukue 17-17-17.

"Wewe shehe, si umesoma?" akanigeukia, nadhani kwa kuiona kofia yangu. "Hiyo sifuri ni ya nini?"

Nikamwambia nambari hizo ni za N, P na K, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Kila moja ni asilimia ya uzito wa gunia, ingawa hizo mbili za mwisho huhesabiwa pamoja na oksijeni iliyoshikamana nazo. Sifuri maana yake K haimo kabisa, na mbuni wenye kuzaa huihitaji sana.

"Mbona potasiamu ianze kwa K?"

Hapo, msomaji, nikajiona niko kwetu. Waarabu waliyaita majivu ya mimea ya chumvini al-qaly, na Wazungu wakalichukua neno hilo likawa alkali. Mwaka 1807, huko London, Humphry Davy aliitenga elementi hii kwa nguvu za umeme: metali laini ya kukatika kwa kisu, ambayo ikitiwa majini huwaka moto wa zambarau. Yeye akaipa jina litokanalo na majivu ya chunguni. Wajerumani wakaiita kalium, kwa lile neno la Kiarabu. Ndiyo K iliyomo katika jedwali la Mendeleev la mwaka 1869, lililokuwa na elementi 63 (leo ni 118), na ndiyo hiyo hiyo ya magunia ya Runyenjes.

"Kumbe ni majivu tu! Mamangu aliyamwaga kwenye migomba."

Kweli, majivu ya jikoni yana potasiamu, tena hupunguza ukali wa udongo. Lakini naitrojeni haimo, ilikwenda na moshi. Hilo halikumpendeza. Akafungua kitambaa, akahesabu pesa mara mbili. Gunia la 17-17-17 likamshinda. Mwenye duka akatwaa kopo akampimia kilo kumi, na mama akasema palipopungua atajazia majivu.