Kinjeketile Hahitaji Jukwaa la Fahari

Waigizaji wa ridhaa wa Ruti na Nakivale wanaotafuta tanzia ya Kiswahili hawana haja ya kwenda mbali. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, mchezo juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Maleba si tatizo: shuka chache za kaniki na kibuyu cha maji vyatosha. Ugumu u katika mwisho. Kinjeketile yumo kifungoni, Wajerumani wamtaka akane nguvu ya maji. Mwenyewe aliyatilia shaka zamani. Lakini akikana, watoto wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana. Mwigizaji asipige kelele hapo. Watazamaji wa Nakivale, ambao wengi wao walikimbia vita, watamsikia hata akinong'ona.