Tamasha ni biashara: Uliza hesabu kabla ya kulipia banda

Wengi humwona mwandaaji wa tamasha siku anaposhika kipaza sauti. Kazi yake huwa imeanza miezi mingi nyuma, na ni ya kalamu kuliko ya ngoma: kibali cha halmashauri, ulinzi, jukwaa, jenereta, vyoo, mikataba na vikundi, na kutafuta wadhamini. Karibu gharama zote hizo hulipwa hata wakiingia watu hamsini tu. Hatari hiyo humfikia pia muuza ndizi anayetoka Ikuti kwenda Tukuyu au Mbeya mjini kutafuta wateja.

Tutazame Zanzibar. Tamasha la muziki la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, na hufanyika Mji Mkongwe kila Februari. Pamoja na jina kubwa lililokwisha kujengwa, mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Lilirudi mwaka 2017. Ugumu wenyewe ni kwamba fedha za mgeni huishia hotelini, kwenye teksi na kwa wauza vyakula, ilhali bili ya jukwaa humbakia mwandaaji. Viingilio peke yake mara chache huilipa.

Huku kwetu, maonyesho ya Nane Nane katika uwanja wa John Mwakangale, Mbeya, ambako sherehe ziliadhimishwa kitaifa mwaka 2022 na 2023, yana nafuu moja: serikali ipo nyuma yake na tarehe inajulikana. Mkulima anaweza kupanga mzigo mapema. Tukuyu nayo ilipokea tamasha la ngoma za asili la Tulia Trust katika miaka ya 2010. Tamasha la namna hiyo husimama kwa nguvu ya mfadhili wake, hivyo mfanyabiashara asilihesabu kama soko la kila mwaka mpaka asikie tarehe.

Sasa hesabu. Tuseme mama lishe analipia banda Sh30,000 kwa siku mbili, usafiri Sh20,000 na msaidizi Sh20,000. Jumla ni Sh70,000. Ikiwa sahani moja ya ndizi na nyama humwachia Sh500 baada ya kutoa vyakula, mkaa na mafuta, lazima auze sahani 140 ndipo aanze kuona faida. Je, mabanda ya chakula ni mangapi? Kama ni arobaini, umati wa watu elfu mbili ni mdogo.

Muulize mwandaaji pia fedha za banda zitarudishwaje tamasha likiahirishwa, na upate jibu kwa maandishi. Angalia mwezi: Rungwe ina mvua nyingi, na tamasha la wazi la Aprili ni kamari. Ukiruhusiwa kuchagua nafasi, kaa karibu na njia ya kutokea. Nyuma ya spika mteja hasikii hata bei.