Mwanafunzi, bisha mlango wa mshauri wako mapema

Miaka michache iliyopita, mama mmoja jirani yangu alitualika kumsherehekea kifungua mimba wake aliyekuwa akihitimu chuo kikuu. Mbuzi wawili walikuwa wamekwisha kununuliwa, mahema yamekodishwa na shangazi za kijana wamewasili kutoka mbali. Siku nne kabla ya sherehe, orodha ya wahitimu ilibandikwa. Jina la kijana halikuwamo. Alipoulizia, aliambiwa kwamba alama zake za somo moja la mwaka wa pili hazikuonekana popote. Mhadhiri aliyelifundisha alikuwa amekwisha kuondoka chuoni, na karatasi ya mtihani haikujulikana ilikokwenda. Mama yule, aliyeuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine ili kulipa karo, aliwarudisha wageni makwao huku amebeba aibu isiyokuwa yake.

Hapana shaka kwamba chuo kilikosa. Chuo kinachopoteza alama za mwanafunzi kimevunja amana. Hata hivyo, nilipoketi na kijana yule nilimwuliza swali moja: kwa miaka minne yote, mshauri wake wa masomo alikuwa amemwambia nini? Akanitazama kwa mshangao. "Mzee, nilimwona mara moja tu," akasema, "siku aliponitilia sahihi fomu ya usajili."

Pengo lile katika matokeo yake lilikuwako tangu mwaka wa pili. Laiti lingaligunduliwa wakati ule, mhadhiri angalipatikana na karatasi ingalikuwa bado kabatini. Nayo ofisi ya mshauri haikuwa mbali na ukumbi alimosomea. Ziba ufa usije ukajenga ukuta, walisema wahenga. Kijana huyu aliupita ufa ule kila siku kwa miaka miwili bila kuuona, na mtu ambaye angalimwonyesha hakuulizwa.

Ni vyema tukumbuke tulikotoka. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, kilikuwa cha pekee nchini, na haikuwa ajabu mhadhiri kumjua mwanafunzi wake kwa jina na kwa tabia. Mambo yakabadilika. Mwaka 1990 kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4 lilijiunga na vyuo vikuu pamoja na kundi la mwisho la kidato cha sita, na kumbi zikafurika. Tangu hapo vyuo vimeongezeka, vya umma na vya kibinafsi, nao wanafunzi wameongezeka vivyo hivyo. Katika ukumbi wenye mamia ya vijana, mhadhiri haoni nyuso, anaona umati. Mshauri wa masomo amewekwa ili angalau mtu mmoja katika idara akujue wewe kama wewe.

Huyu mshauri ni nani basi? Aghalabu ni mhadhiri wa idara aliyekabidhiwa kundi la wanafunzi ili awaongoze katika safari yao ya masomo. Anajua masomo yapi ni ya lazima na yapi ni ya hiari, lipi sharti litangulie lipi, nini humpata aliyeanguka mtihani, na barua ya kuahirisha masomo huandikiwa nani. Yeye si polisi wa kukuvizia, wala si mhuri wa kugongea fomu. Anayemwendea kwa ajili ya sahihi pekee ni sawa na mtu aendaye kisimani na kurudi na kata tupu.

Wakati wa kumwona kwa mara ya kwanza ni majuma ya mwanzo ya mwaka wa kwanza, kabla ya shida yoyote kuzuka. Wengi huingia chuoni kwa kuteuliwa na KUCCPS, shirika lililochukua mahali pa JAB baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Si ajabu kijana kujikuta katika shahada ambayo hakuiota. Upo muda maalumu wa kuomba uhamisho, nao hupita upesi. Anayenung'unika bwenini muhula mzima, kisha akaenda kuuliza muhula wa pili, huenda akakuta mlango umekwisha kufungwa.

Hebu tutazame mfano wa anayesomea ualimu. Kwa muda mrefu Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, imetaka mwalimu wa shule ya upili awe na masomo mawili ya kufundishia, na awe alipata angalau C+ katika kila mojawapo kwenye mtihani wa KCSE. Sasa mfikirie kijana aliyepata B katika Kiswahili na Historia lakini C katika Jiografia. Akichagua Historia na Jiografia kwa kuwa rafiki zake wameyachagua hayo, huenda akahitimu kwa alama nzuri, kisha akakwama kwenye usajili. Mshauri angalimwambia neno hili kwa dakika tano. Vivyo hivyo, anayesomea uhandisi aulize mapema kama programu yake inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi, kwani shahada isiyotambuliwa haimfikishi kwenye usajili wa taaluma hiyo.

Wala mwaka mmoja wa ziada si jambo dogo. Mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa mwaka 1995, si zawadi. Ni deni lenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Anayechelewa kuhitimu huchelewa pia kuanza kazi, huku karo na kodi ya chumba zikiendelea kudaiwa, na wadogo zake nyumbani wakingoja zamu yao.

Namna ya kumwendea mshauri nayo ina adabu zake. Kwanza, usiende mikono mitupu. Chukua nakala ya matokeo yako yote tangu ulipoingia, pamoja na orodha ya masomo yanayotakiwa kwa shahada yako. Linganisha mwenyewe kabla ya kuingia ofisini, uone lililofanywa, lililobaki na lisilo na alama. Pili, andika maswali yako. Mtu akiuliza tu, "Nifanyeje, mwalimu?", hupata jibu la jumla, akiuliza, "Je, nikiliacha somo hili muhula huu, litafundishwa tena lini?", hupata jibu la kumfaa. Tatu, andika ulichoambiwa pamoja na tarehe, na uhifadhi nakala ya kila barua na kila fomu. Nne, rudi. Mwone kila muhula matokeo yanapotoka, hata kama yote ni mema. Anayekujua siku za neema ndiye atakayeweza kukuandikia barua ya sifa utakapotafuta kazi au masomo ya juu.

Najua kuna jambo linalowazuia wengi. Tumelelewa kuwaogopa walimu, tukafunzwa kwamba mtoto mwema hasumbui wakubwa. Isitoshe, aliyefiwa na baba, au aliyekosa chakula kwa kukosa fedha, huona haya kueleza. Hivyo hujifungia chumbani, hukosa mitihani miwili, na husemwa kuwa mvivu. Lakini mficha maradhi kifo humwumbua. Mshauri hawezi kulipa karo yako, lakini anaweza kukuelekeza kwa mlezi wa wanafunzi au kwa mnasihi, na kukueleza jinsi ya kuahirisha masomo kwa kufuata sheria badala ya kutoweka tu. Aliyeahirisha ana mahali pa kurudia. Aliyetoweka huanza upya, kama atakubaliwa.

Kuna watakaosema kwamba nawatupia wanafunzi lawama zote. La hasha. Wako washauri ambao milango yao haifunguki kamwe. Wako wahadhiri wa muda wanaokimbia kutoka chuo hiki hadi kile kutafuta riziki, wasiwe na hata kiti cha kumkalisha mwanafunzi. Vyuo vina wajibu wa kutenga saa za ushauri, kuzibandika mlangoni na kuhakikisha zinafuatwa; mshauri mwenye wanafunzi mia mbili ni mshauri wa jina tu. Anayekuta mlango umefungwa mara tatu aandike barua kwa mkuu wa idara na abaki na nakala yake. Na iwapo mshauri atadai fedha, au jambo lolote lisilohusiana na masomo, huyo si mshauri tena. Ni wa kushtakiwa kwa wakuu wake bila kusita.

Hata mshauri mwema naye ana mpaka wake. Anaonyesha njia, hachagui safari. Akisema somo fulani ni gumu kwako, msikilize na upime, lakini uamuzi ni wako, kwa kuwa maisha yatakayofuata ni yako. Mwanafunzi anayetaka kuamuliwa kila jambo hajatofautiana sana na yule asiyeuliza lolote.

Kijana wa jirani yangu alihitimu mwaka uliofuata, baada ya kuufanya upya mtihani wa somo lile pamoja na vijana waliokuwa wakimwita kaka. Safari hii hapakuwa na mahema. Mama yake alichinja kuku mmoja, tukala, tukashukuru. Nilipoaga, kijana alinisindikiza hadi langoni akanieleza kwamba mdogo wake amepata nafasi chuoni, na kwamba jambo la kwanza alilomwambia ni kuulizia ofisi ya mshauri wake kabla hata ya kuulizia bweni.

Kuuliza si ujinga. Wewe unayeanza muhula huu, mlango uko hapo. Ubishe.