Mgomba wako umegoma?

Hebu sema ukweli. Ulipanda mgomba uani mwaka jana, mpaka leo unakufika kiunoni tu, na jirani ameshaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Subiri kwanza! Mkungu mmoja ni mlo wa siku kadhaa kwako na wadogo zako, kwa hiyo usiukatie tamaa. Chukua jembe.

Chimba kidogo kando ya shina. Kama unaishi Kigamboni, Bagamoyo au kwingine pwani, huenda ukakuta mchanga mtupu. Mchanga haushiki maji wala chakula: unamwaga ndoo asubuhi, mchana pakavu. Na mizizi mingi ya mgomba haiendi chini sana, inatambaa juu juu. Ndiyo maana samadi iliyooza vizuri, debe moja au mawili, pamoja na matandazo ya majani makavu, husaidia kuliko kumwagilia tu. Maji ya kuogea nayo yanafaa, ila yasituame, maana mbu watafurahi kuliko mgomba. Majivu ya jikoni yana potasiamu, lakini hayachukui nafasi ya samadi.

Sasa hesabu mashina. Kumi? Hao wote wanagombania sahani moja! Bakiza matatu: mama, mtoto na mjukuu. Mengine yang'oe na kitako chake, ukikata juu tu yatachipua tena. Najua bibi atalalamika. Mweleze polepole.

Kingo za majani zimekauka kama zimepitiwa na moto? Pengine maji ya kisima chenu yana chumvi. Ukiweza, kinga ya mvua.

Na kama mgomba unayumba ukiusukuma, shuku fukusi, mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu. Watoto wake hutoboa tunguu, yaani kile kitako kilicho chini ya udongo. Mtege hivi: pasua kipande cha shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, ukilaze karibu na mgomba, upande uliopasuliwa ukiangalia chini. Baada ya siku 2 au 3 kifunue. Ukiwakuta waue, kisha tega tena. Shina hilo usimpe rafiki mche wake, utampa na wadudu.

Ukitafuta mche mpya, chagua wenye majani membamba kama upanga. Ule mdogo wenye majani mapana unapendeza macho, lakini ni dhaifu. Na huenda ndio ulioupanda wewe mwaka jana.